Mita Saba Mbele ya Baba Mkwe

Kwetu Kibondo mkwe harushiwi kitu. Chumvi unampelekea kwa mikono miwili, funguo unampelekea kwa mikono miwili, na hata kama nyumba inaungua na yeye anaomba ndoo, utapita katikati ya moto, upige goti, ndipo umpe. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akatucheka bure nitakapoeleza jinsi mtu mwenye mkono mzito kuliko wote katika mkoa wa Kigoma, na pengine katika nchi zote zinazochota maji Ziwa Tanganyika, alivyocheza kipindi kizima cha nusu fainali ya taifa akirusha mpira kama anayewamwagia kuku punje.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya mpira wa mikono, klabu za wanaume za daraja la pili. Najua wengi wakisikia mpira wanafikiria miguu. Huu wetu ni wa watu saba kila upande, kipa akiwa mmoja wao, na mpira mdogo unaoenea kiganjani. Mbele ya goli kuna mstari uliopinda, mita sita, na ndani ya mstari huo hakanyagi mtu ila kipa. Kwa hiyo unakimbia, unaruka juu ya mstari, na kabla hujatua unauvurumisha mpira kwa nguvu zote ulizojaliwa. Mwaka ule mashindano yaliletwa Kasulu, na klabu mbili ambazo zingefika fainali ndizo zingepanda daraja la kwanza. Sisi wa Kibondo kabla ya hapo hata robo fainali tulikuwa tunaisikia redioni.

Mimi nilikuwa meneja wa timu. Usidanganyike na cheo. Meneja alibeba maji, alichunga viatu, aligombana na mwenye fuso, na kwa kuwa ni fundi cherehani, alishona pia namba migongoni mwa jezi. Tisa ilitoka kama sita, lakini ukiinamisha shingo kidogo ilisomeka vizuri kabisa. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne. Nilikimaliza shule ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, dawati moja na dereva wa bodaboda na mama muuza dagaa, na tangu nilipofaulu hakuna kikao Kibondo kinachotaka mtu wa maneno marefu ambacho sikuitwa. Harusi, msiba, ugomvi wa mpaka wa shamba, naitwa. Ndivyo nilivyoitwa pia kuwa mshenga wa mashoto wetu, yule mwenye mkono mzito.

Mashoto wetu alikulia Mabamba, kule mpakani. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakati wa mabaya, wakalima, wakazaa, wakapewa uraia, na yeye mwenyewe hakumbuki nchi nyingine zaidi ya hii. Mkono wake wa kushoto aliupata kwenye mihogo ya baba yake, akiwatupia mawe nyani. Nyani wa Mabamba mpaka leo wakimwona mtu anayetumia mkono wa kushoto wanapanda mti. Mpira ukitoka mkononi mwake ulikuwa unavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, na makipa wa mazoezini walianza kuugua malaria kila Jumanne na Alhamisi, siku zetu za mazoezi.

Lakini nje ya uwanja alikuwa mpole hadi unamwonea huruma. Alisalimia watu wote mara mbili. Nadhani alikuwa na wasiwasi uliomkaa tangu utotoni, kwamba kuna siku mtu atamgeukia amwambie, wewe hukulelewa vizuri, wewe wa kuja. Bibi yake alimfundisha adabu zote za ukwe kabla hajaota hata ndevu, na alizishika kama vile kuna mtihani.

Binti aliyempenda alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa Kibondo, kwao Kasulu mjini. Nilikwenda mimi na wazee wawili kujitambulisha. Baba wa binti tulimkuta ni fundi wa mashine za kusaga, mfupi, mpana, na kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Baridi ya Kasulu ni kali, sikatai, lakini alikuwa na kofia ile hata jikoni kwake. Baadaye niliambiwa kuna majirani wa miaka mingi ambao hawajawahi kuuona utosi wake.

Nilimsifia kijana wangu kama mshenga anavyopaswa.

"Huyu, mzee, aliwahi kuvuka Malagarasi wakati wa mafuriko na mbuzi wawili, mmoja kila kwapa."

"Na mamba walikuwa wapi?"

"Walimpisha, mzee."

Alicheka hadi kofia ikataka kudondoka, akaikamata. Nilimpenda hapo hapo. Akaanza na yeye kujisifu: zamani alikuwa kipa wa mpira wa mikono, na mpaka leo jina lake limo kwenye timu ya Kasulu, ingawa kazi yake siku hizi ni kufua jezi na kushona nyavu.

"Siri ya kipa unaijua, mshenga? Mkono usiutazame. Mkono unadanganya. Tazama macho. Macho ya mtu yanakwenda kwanza anakotaka kutupa, halafu ndiyo mkono unafuata."

Nikatikisa kichwa kwa heshima, nikasema moyoni, hapa nimekutana na mwongo mwenzangu.

Wadogo zake wawili, baba wadogo wa binti, hawakucheka. Mmoja aliuliza, "Kwao ni wapi hasa?"

"Mabamba," nikasema.

"Na kabla ya Mabamba?"

Yule mzee alinywa chai yake taratibu, akasema jibu la mwisho litatolewa Jumapili baada ya mashindano kwisha, wageni wakiondoka mjini. Basi tukatoka na hilo. Mashoto wetu nilimweleza yote, isipokuwa lile swali la kabla ya Mabamba. Akaliuliza yeye mwenyewe.

"Waliuliza kuhusu kwetu?"

"Waliuliza."

"Nilijua," akasema, akaendelea kufunga kamba za raba.

Sasa tuje kwenye nusu fainali. Tulifika pale kwa mkono wa mashoto wetu. Timu tatu tulizozifunga zilirudi makwao na vidole vimefungwa vitambaa. Asubuhi ya nusu fainali tulipangwa na wenyeji, Kasulu. Uwanja ulikuwa wa shule, udongo mwekundu uliolowekwa kidogo na mvua, mistari imechorwa kwa majivu. Kasulu nzima ilikuwa imekuja. Wenye maduka walifunga maduka, wenye wagonjwa walikuja na wagonjwa, na naapa niliona mbuzi akisukumana apate mahali pa mbele.

Kipa namba moja wa Kasulu alikuwa ameteguka kidole kwenye mechi ya kabla. Kipa namba mbili alikuwa safarini. Timu zikapanga mstari kupeana mikono kabla ya filimbi, na mwishoni mwa mstari wa Kasulu, kwenye suruali ndefu ya kipa na kofia ya sufu imevutwa hadi nyusi, akasimama fundi wa mashine za kusaga.

Vijana wangu wanapita wanapeana mikono, pa, pa, pa. Mashoto wetu akamfikia. Akasimama. Akachuchumaa chini kabisa, akainamisha kichwa, akapiga makofi ya taratibu.

"Mwakeye," akasema.

"Mwakeye," mzee akajibu, akitazama mawingu, kama inavyotakiwa.

Nyuma yake wachezaji wakagongana kama mabehewa. Mwamuzi, mama mmoja mrefu kutoka mkoa wa mbali, akaja mbio.

"Namba sita, unatafuta nini huko chini?"

"Ni namba tisa, mwamuzi," nikasema kutoka benchi. "Na anasalimia."

"Salamu gani ya kuchuchumaa? Mpira unaanza!"

"Huyo ni baba mkwe wake. Yaani, mtarajiwa."

Mama yule alinitazama, akamtazama mzee, akamtazama kijana aliye chini, akapuliza filimbi kwa hasira kama anafukuza ng'ombe kwenye mpunga.

Mashoto akaja benchi, uso umekuwa wa majivu. "Kaka," akaniambia, "yule ni databukwe." Databukwe ni baba mkwe, kwa Kiha na kwa Kirundi.

"Namjua. Mimi ndiye niliyekutafutia."

"Namrushiaje kitu?"

Kocha wetu, mwalimu wa hesabu asiye na muda wa mambo mengi, akasema, "Rusha kama unavyomrushia kipa yeyote." Ni mtu wa kutoka mbali, hakujua alichokisema.

Kuna jambo jingine lililozidisha. Mama mkwe naye alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya goli la mumewe, mwavuli wa rangi saba kichwani. Na mama mkwe, jamani, ni zaidi ya baba mkwe. Kwetu hata kivuli chake unakikwepa. Kila mashoto wetu alipokuja mbio kuelekea golini, mama wa watu alijifunika kanga usoni, na yeye alipomwona anajifunika, anageuza shingo. Mchezaji gani ataruka mita sita kutoka golini huku ametazama ubavuni?

Mpira wake wa kwanza mzee aliudaka kwa mkono mmoja, kama embe lililoiva. Wa pili aliuacha umgonge kifuani, ukadondoka wenyewe. Wa tatu hakurusha kabisa, aliruka, na kabla hajatua akampa mwenzake. Washabiki wa Kasulu wakaanza.

"Kibondo, mleteni na uji, mtoto ana njaa!"

Mwenye duka mmoja wa nguo, mzee mwenye asili ya Tanga na Kiswahili cha kunukia karafuu, alikuwa amekaa karibu na benchi letu. "Bwana meneja," akaniambia, "huyo kijana wako anatupa mpira ama anaweka yai kwenye kitambaa?"

"Anamheshimu mkwewe, mzee."

"Subhanallah. Basi aheshimu hivyo hivyo mpaka saa sita, sisi tupande daraja."

Mapumziko yalipofika tulikuwa nyuma kwa mabao matano. Vijana walikaa chini kwenye udongo, hakuna aliyemlaumu mashoto kwa mdomo, lakini wote walikuwa wanakunywa maji wakitazama upande mwingine. Yeye alikaa peke yake, anajifuta mkono wa kushoto kwenye bukta, anajifuta tena, kana kwamba una kitu kichafu.

Ndipo nikaona mzee ananipungia kutoka benchi la Kasulu. Ananiita mimi, mshenga. Kwa njia nyingine asingeweza kusema na mkwe wake. Nikavuka uwanja mzima mbele ya watu wote, nikipigiwa miluzi.

Alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni uchovu. Kumbe alikuwa ameudhika.

"Mshenga. Mimi nimesimama goli lile toka nyavu zilikuwa za kamba za katani. Nimevunjwa vidole, nimevunjwa jino. Miaka yote hii nafua jezi za watoto, nangoja siku moja tu nisimame tena. Leo nimesimama. Na huyo kijana wako ananitupia mpira kama anamtupia marehemu udongo!"

"Ni heshima, mzee."

"Ni dharau! Mke wangu yuko pale. Ndugu zangu wako pale. Wananiona nachezewa kama kizee. Mwambie hivi: akinitupia tena mpira wa mtoto mchanga, Jumapili asije. Sina binti wa kumpa."

Nilirudi mbio. Nikamchuchumalia mashoto, nikamweleza neno kwa neno. Na naweza kuapa kwamba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ushenga, sikuongeza hata chumvi.

Alinitazama kwa huruma.

"Kaka, acha."

"Amesema!"

"Wewe ndiye uliyesema mamba walinipisha."

"Lile lilikuwa pambo. Hili ni kweli."

"Wewe unataka tupande daraja. Hata mimi nataka. Lakini nikimpiga yule mzee usoni mbele ya ndugu zake, Jumapili watasema nini? Watasema, mmeona? Tuliuliza kwao ni wapi."

Ningekuwa mtu wa maneno machache, mtu wa kuaminika, mechi ingeisha kwa namna nyingine. Nikageuka, nikavuka uwanja tena. Sasa hata watoto wa Kasulu walikuwa wananihesabia hatua.

"Mzee, haamini."

"Haamini nini?"

"Haamini kwamba maneno ni yako. Mimi, unajua, huwa nanogesha."

Mzee akawatazama wadogo zake waliosimama nyuma ya kamba wamekunja mikono. Halafu akainua mikono yote miwili, akaishika kofia yake ya sufu, akaivua.

Sijui nieleze vipi. Utosi wake ulikuwa mweupe kwa kulinganisha na uso, unang'aa, na umezungukwa na nywele chache za mvi kama nyasi pembeni ya kisima. Nyuma ya goli mama mkwe alishika mdomo.

"Mpelekee," akasema. "Mwambie imetoka kichwani mwangu."

Niliibeba kofia ile kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa. Mashoto wetu aliiona inakuja. Alisimama. Hakuthubutu kuigusa, maana kofia ya baba mkwe nani ataigusa, lakini aliitazama kwa muda mrefu, bado ina joto, ina unga wa mahindi kwenye ukingo.

"Kweli amesema?"

"Unaona kichwa chake kile pale."

Alikitazama kwa mbali, haraka, akainama. "Sasa kofia itakaa wapi?" akauliza.

Hilo lilikuwa swali la maana. Chini haiwekwi. Kwenye mfuko wa viatu haiwekwi. Nikaivaa mimi.

Kipindi cha pili timu zilibadilisha magoli. Mama mkwe naye alibeba kigoda chake na mwavuli akamfuata mumewe upande wa pili, ila safari hii alifanya jambo ambalo hadi leo nalisimulia: alikigeuza kigoda. Akakaa amelipa goli mgongo, ili kijana asiuone uso wake, na akawa anauliza majirani kila kinachotokea.

"Sasa je?"

"Kijana wa Kibondo anakuja, mama."

"Anakuja vizuri?"

Alikuwa anakuja vizuri. Mpira wake wa kwanza wa kipindi cha pili ulimpita mzee sikioni na kugonga mwamba wa goli, na mwamba ule, wa mbao za mwembe mkavu, ulilia kiasi kwamba mbwa wa Kasulu nzima waliitikia. Mzee aligeuka kuutazama mwamba. Akageuka akatazama benchi letu, akapiga kifua chake mara mbili. Alikuwa anatabasamu meno yote, ukiondoa lile lililovunjwa.

Sasa ikawa mechi. Mashoto alifunga, mzee akadaka, mashoto akafunga tena, mzee akazuia kwa goti, kwa kiwiko, mara moja kwa ule utosi wenyewe, akayumba, akasimama akiomba mpira urudishwe haraka. Nilijikuta nampigia makofi kipa wa wapinzani. Yule mwenye duka la nguo akanigonga mgongoni. "Meneja, uko upande gani?"

"Upande wa mchumba," nikasema.

Bao kwa bao tukawafikia. Tukasawazisha, wakapata, tukasawazisha tena. Sekunde za mwisho kabisa mchezaji wetu wa kati akashikwa jezi akiwa ameruka, jezi niliyoishona mwenyewe, ikachanika hadi kiunoni. Filimbi. Mita saba.

Mita saba ni kama penalti. Mtupaji anasimama kwenye mstari wake, kipa mbele yake, hakuna mwingine. Muda ulikuwa umekwisha. Mpira ule mmoja ndio uliobaki. Tukikosa, tunaongezewa dakika, na vijana wangu hawakuwa na pumzi ya kuzimia hata kibatari.

Kocha akanyoosha kidole kwa mashoto.

Mashoto akaenda. Akakanyaga udongo sawasawa, akaushika mpira kwa kushoto. Mzee akatoka hatua moja mbele ya goli, akanyoosha mikono, magoti yamekunjwa, macho yamemtoka. Nikakumbuka chai ya nyumbani kwake: mkono usiutazame, tazama macho.

Na kijana wangu akayainamisha macho.

Akayaelekeza chini, kwenye udongo, hatua moja mbele ya vidole vyake, pale pale anapoyaweka mtu mwenye adabu akisimama mbele ya baba mkwe wake. Sidhani kama alipanga. Nilimuuliza baadaye, akasema hakujua macho yangekaa wapi kwingine.

"Nitazame!" mzee akafoka. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu wajuane, ukiacha ile salamu.

Hakutazama.

"Kijana, nitazame!"

Filimbi ikalia. Mkono wa kushoto ulikwenda nyuma ukarudi, na kichwa chake hakikuinuka hata kidogo. Mpira ulipita kulia kwa mzee, chini ya kwapa, na yeye hakusogea. Alibaki amesimama kama mtu aliyepewa gazeti lisilo na herufi. Nyavu, zile alizozishona mwenyewe, zikafumuka kona moja, mpira ukatokea nyuma, ukabingirika ukaingia chini ya kigoda.

"Umeingia, jamani?" mama mkwe akauliza.

"Mama, umeukalia."

Vijana wangu walivamiana. Mimi nilirukaruka na kofia ya watu kichwani. Lakini mashoto wetu hakuja kwetu. Alikwenda mbele hadi mstari wa mita sita, mahali asiporuhusiwa kukanyaga, akasimama hapo hapo nje ya mstari ingawa mechi ilikuwa imekwisha, akachuchumaa, akapiga makofi yale ya taratibu. Akabaki chini.

Mzee alikuwa amekaa kwenye udongo, mgongo kwenye nguzo ya goli. Wadogo zake waliruka kamba wakamfikia kabla yangu. Nilimsikia yule aliyeuliza maswali.

"Umefungwa na huyu wa mpakani. Mbele ya mji mzima."

Mzee alikuwa anajisugua kwapa pale mpira ulipopita.

"Uliuliza kwao ni wapi," akasema. "Huyu nimemfokea mara mbili anitazame. Mechi yote ilikuwa kwenye macho yake. Na hakunitazama. Wanao wewe, wale niliowabeba mgongoni, wananikodolea macho hata nikiwaomba maji. Sasa niambie nani kati yao amelelewa."



"Mshenga!" mzee akaita.

"Naam, mzee."

"Kofia yangu."

Nikamvulia, nikampa kwa mikono miwili. Aliivaa, akaivuta hadi kwenye nyusi, na nadhani aliivuta zaidi kidogo ili tusione macho yake. Kasulu nayo ilikuwa imekosa kupanda daraja, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

"Mwambie mimi leo nimemaliza kusimama golini."

"Nitamwambia."

"Mwambie Jumapili aje na wazee wake. Waje asubuhi, wale kwanza." Akajaribu kuinuka, nikamshika mkono. "Na mwambie hivi hivi nilivyosema. Usiweke mamba."

Fainali tulifungwa. Timu ya kutoka mji mkubwa, watu warefu wanaokula mayai, walitufunga vibaya kiasi kwamba mwamuzi wa meza alichoka kugeuza vibao. Lakini daraja tulikuwa tumeshapanda, na mashoto wetu aliicheza fainali ile akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda, akarusha mipira mingine hadi barabara ya lami, na hakuna aliyemkaripia.

Siku hizi nikipita Kasulu kuchukua vitambaa huwa wananilazimisha nikae. Wamejijengea mazoea yao. Mzee anakaa kwenye kiti chake mlangoni, kofia kichwani. Mkwe wake anakaa kwenye mkeka, hatua chache tu pembeni, uso ameuelekeza kwenye miti ya kahawa. Hawatazamani. Mimi nimewekwa katikati na kikombe cha chai.

"Mshenga, mwambie Jumamosi alitua vibaya. Mguu wa kulia unachelewa."

Ninageuka. "Baba anasema mguu wa kulia unachelewa."

"Mwambie baba nimeuona. Ni raba. Imeisha soli."

Ninageuka. "Anasema ni raba."

"Raba kitu gani! Mwambie mimi nilicheza bila raba."

"Mzee, amekusikia, yuko hapo hapo."

"Nimekwambia mwambie."

Nageuka tena, chai inamwagika, namwambia. Naye anachekea kwenye miti ya kahawa, mabega yanamtikisika, na mzee anavuta kofia yake chini anijie na la pili.